Maji ya Kunawa kwenye Meza ya Pili

Mama Albertine hakuanza kazi ya kuhudumia watu mezani akiwa msichana. Alianza akiwa mjane, magoti yakimuuma wakati wa mvua. Kabla ya hapo alikuwa na meza yake mwenyewe sokoni Kikula, meza ya mbao chini ya bati, na sufuria mbili, moja ya bukari, yaani ugali, na moja ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wauza makaa, madereva wa pikipiki, wachimbaji wanaotoka mashimoni na vumbi kwenye nyusi, wote walikula kwake. Kabla hujaketi vizuri, ameshakumiminia maji mikononi. Ukiwa unamaliza, aliangalia sahani yako, na kama bukari imebaki na mboga imeisha, aliongeza kijiko bila kuuliza. Hiyo kwetu inaitwa mbasela, kile muuzaji anachoongeza juu ya kipimo ili mnunuzi arudi.

Kisha mvua moja kubwa ilibeba bati na meza pamoja, na Mama Albertine hakuwa na cha kuanzia tena. Aliomba kazi kwa Madame Suzanne, mwenye mgahawa kwenye barabara inayoelekea Kakontwe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuosha vyombo pale, mwanangu mgongoni, kwa hiyo nilimwona siku ya kwanza akifunga aproni. Alizungusha kamba mara mbili, akafunga mbele, akasema, "Bon, niko serveuse na wajukuu," yaani mhudumu wa meza mwenye wajukuu.

Kazi hakuiona ngumu. Kilichomshangaza ni servisi.

Madame Suzanne alikuwa ameileta desturi hiyo kutoka Lubumbashi, alikoishi na marehemu mumewe. Chini ya hesabu ya chakula inaongezwa sehemu moja ya kumi, na imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu kwamba kila mteja anailipa. Pesa hiyo inaingia kwenye kopo la maziwa, na Jumamosi inagawanywa kwa wote, yaani mpishi, mlinzi, serveuse wawili, na mimi wa vyombo. Wateja wengi walilipa huku wakinung'unika. Wengine waliuliza ni matabishi gani haya ya lazima, kwa sababu matabishi ni bakshishi, mtu anatoa akipenda, akiwa amefurahi.

Mama Albertine naye aliuliza hivyo hivyo, ila kwa upande wake.

"Sokoni minye njo nilikuwa naongezea muntu," alimwambia Papa Kabongo, mpishi. "Hapa muntu njo ananiongezea. Tena kwa nguvu."

"Unakataa?"

"Sikatae. Nashangaa tu."

Lakini servisi ilikuwa na upande wa pili. Mteja akilalamika kwamba amehudumiwa vibaya na akakataa kuilipa, Madame Suzanne haachi kopo likose. Mara ya kwanza, serveuse wa meza hiyo analipa kutoka mfukoni mwake. Mara ya pili anavua aproni na kwenda nyumbani. Mama Albertine alikuwa na mara ya kwanza tayari, kwa sababu ya mlevi mmoja aliyesema samaki kwenye supu anamwangalia vibaya. Mara ya pili ilikuwa inamngoja, na yeye alijua. Kodi ya chumba chake na shule ya mtoto wake wa mwisho vilitoka kwenye aproni ile.

Sasa lazima niseme habari ya Hadassa, binti yake wa pili. Hadassa aliolewa mwaka jana na kijana wa Kambove, jina lake Bertin, dereva wa malori. Mahari yalipokelewa na wajomba, kwenye nyumba ya mjomba mkubwa, na Mama Albertine alikaa chumba cha ndani, kitenge kichwani mpaka kwenye macho, akimwangalia mkwe wake kupitia pazia. Ndivyo inavyofanyika upande wa kwao. Mama mkwe na mume wa binti yake ni bukwe, na bukwe hawatazamani usoni. Mmoja hali mbele ya mwingine, wala hampelekei chakula kwa mkono wake, mpaka mwanaume afungue njia kwa zawadi, na zawadi hiyo ipelekwe na mtu mzima anayejua kusema maneno yake. Baada ya hapo wanasalimiana, wanakaa, maisha yanaendelea.

Bertin hakufungua njia. Familia yake wanasali kwenye kanisa la maombi, na pasteur, mchungaji wao, aliwaambia kwamba mambo hayo yamekwisha. Mama Albertine, ambaye ni Mkatoliki na hakosi misa ya asubuhi, hakubishana na mtu. Alingoja tu. Hadassa naye hakumwambia mumewe mama yake anafanya kazi gani hasa. Alisema, "Anafanya kwa madame mumoja," na hilo lilikuwa kweli.

Jumapili moja, saa ya chakula cha mchana, waliingia wanaume watano. Carine, serveuse wa pili, alikuwa amekwenda kwenye kilio cha shangazi yake, kwa hiyo salle yote, chumba cha kulia wateja, ilikuwa ya Mama Albertine. Alikuwa ameshabeba birika na beseni la kunawa, ametoka navyo mlangoni kama kawaida yake. Nilimwona akisimama. Kijana wa mbele, mwenye shati ya bluu, alikuwa anacheka, na meno yake ya mbele yana mwanya. Mama Albertine aligeuka mzima mzima, akaweka birika na beseni kwenye meza ya pili iliyokuwa tupu, akarudi jikoni akitembea haraka kuliko magoti yake yanavyokubali.

"Umesahau nini?" Papa Kabongo aliuliza.

"Sikusahau kitu."

Akaketi juu ya kreti la chupa, mgongo kwa mlango.

Kuna tundu kwenye ukuta kati ya jiko na salle, la kupitishia sahani, na karai langu la vyombo liko chini yake. Kwa hiyo yale yaliyofuata niliyaona na kuyasikia bila kuyatafuta.

Mezani walikuwa na furaha. Bertin, yule wa shati ya bluu, alikuwa amepata mkataba wa kudumu kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na siku ile alikuwa anawakaribisha wenzake. Mwenye umri mkubwa kati yao alikuwa Zéphirin, mkubwa wa gereji, mzee mkimya ambaye alimfundisha kuendesha lori zito. Mwenye maneno mengi alikuwa Gaston. Wengine wawili walikuja kula.

Walingoja. Kisha Gaston akapiga makofi. Mama Albertine akamwita Papa Adolphe, mlinzi wa geti, akamwomba aende kuwauliza wanataka nini. Papa Adolphe ni mtu mwema, lakini maisha yake yote amelinda mageti. Aliingia na buti zake na rungu kwapani.

"Munataka nini?" akauliza, kama wanavyoulizwa watu waliokuja bila kualikwa.

Gaston akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Tunataka kula, papa. Ni kosa?"

"Haiko kosa. Museme."

"Kwanza mayi ya kunawa."

"Iko pale."

"Pale wapi?"

"Ku meza ya pili. Hamuione?"

"Sasa tusimame tuifwate?"

"Mayi haina miguu, baba," Papa Adolphe akasema, bila ubaya wowote.

Wakasimama, wakanawa wenyewe, mmoja akimmiminia mwingine. Zéphirin alinawa wa mwisho. Majina ya vyakula walivyoagiza Papa Adolphe aliyabeba kichwani, bila kuyaandika, mpaka jikoni, na njiani yakachanganyika. Aliyeagiza kuku aliletewa thomson, yule samaki wa barafu, aliyetaka samaki akapata sombe tupu. Bia zilikuja za moto kwa sababu hakujua friji ni ipi. Bukari ilikuja na kidole gumba cha Papa Adolphe kimezama pembeni.

"Mama Albertine," Papa Kabongo alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "ile meza inaharibika. Wende."

"Siende."

"Unagonjwa?"

"Sigonjwe."

"Sasa beko bantu gani, banauma?"

Mama Albertine alikuwa ameshachukua kisu. Alikuwa anamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

Ulipofika wakati wa kulipa, Madame Suzanne mwenyewe alipeleka hesabu, kwa kuwa pesa haiguswi na mtu mwingine. Bertin aliisoma, akaweka kidole chini kabisa.

"Hii ni nini?"

"Servisi. Iko ku ukuta."

"Servisi gani, mama? Ni sisi tulijitumikia. Yule papa alinikanyaga na buti. Na ile mama yenu, tulimuona, alifika ku mulango, akatuangalia, akakimbia kama tuko na ukoma."

"Minye nilikula samaki ya muntu mwingine!" Gaston akasema.

"Hatulipe," Bertin akasema. "Tena nataka yule mama akuye hapa. Anipigie magoti, aombe pardon mbele ya mukubwa yangu. Nilileta bantu ya heshima, na yeye ananifanya hivi."

Jikoni, kisu cha Mama Albertine kilisimama kwenye kitunguu.

Madame Suzanne aliingia na hesabu mkononi. Si mtu wa kupiga kelele. Anaposhikwa na hasira, anaongea polepole.

"Mama Albertine. Ile meza banakataa servisi."

"Beko na haki."

"Beko na haki? Basi weye njo utalipa."

"Nitalipa."

"Na ni mara ya pili. Unajua mara ya pili ni nini."

Mama Albertine alianza kufungua kamba ya aproni. Vidole vilikuwa na maji ya vitunguu, kamba ikawa inateleza.

"Ngoja kwanza," Madame Suzanne akasema. "Kijana wa shati ya bluu anataka umuombe pardon. Ukienda, ukisema maneno mawili matatu, minye nitabaomba balipe, na hatutahesabia ile mara ya pili. Sikatae kukusaidia. Wende."

"Ile siweze, Madame."

"Ni kiburi?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Mwanangu alikuwa ameamka mgongoni na kuanza kulia. Nilimpiga-piga polepole. Mama Albertine alimtazama yeye, si Madame Suzanne, wakati anajibu.

"Ni bwana ya Hadassa."

Papa Kabongo aliacha kugeuza samaki.

"Hadassa wako?" Madame Suzanne akauliza.

"Niko na Hadassa mwingine?"

"Na hajui kama ni weye?"

"Atajua wapi? Hajaniona. Hajafungua njia. Anataka nimupigie magoti, na ni bukwe yangu."

Madame Suzanne alivuta kiti akaketi. "Na weye haukuniambia kitu! Ningekuya kubatumikia minye mwenyewe!"

"Madame, ni weye ulisema hautaki kusikia mambo ya famille ku salle."

Hilo lilikuwa kweli. Alilisema siku Carine alipowashibisha kaka zake wanne kwa bei ya mmoja, akaliandika kwa chaki mlangoni mwa jiko.

Madame Suzanne alikaa kidogo. Yeye pia ana wakwe. Kisha akainuka, akaenda kusimama mlangoni, na hakumwita Bertin. Alimwita mzee.

"Papa, samahani, kuya kidogo hapa inje."

Zéphirin alitoka naye kwenye veranda. Sikusikia yote, ila nilimwona mzee akivua kofia, akiishika mikononi, akiivaa tena. Aliporudi mezani hakuketi. Aliweka mkono begani kwa Bertin, akainama.

"Ile mama uliita apige magoti," akasema, "ni bukwe yako."

Gaston akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake.

"Bukwe yangu nani?"

"Mama ya Hadassa, bibi yako. Uko na ngapi?"

Bertin alitazama tundu la jikoni, kisha akainamisha macho haraka kama mtu aliyeungua. Halafu akasema, "Lakini pasteur wetu alisema ile mambo imekwisha."

"Imekwisha kwako," Zéphirin akajibu. "Kwake haiyakwisha. Na yeye njo alikuwa wa kubeba sahani."

"Nilipe basi. Nilipe ile servisi, yote, tuondoke."

"Ulipe nani? Ulipe bukwe yako matabishi?"

Hapo ndipo wote walipoona ugumu wake. Bertin akikataa servisi, mama mkwe wake anapoteza kazi. Akiilipa, amempa mama wa mke wake pesa ya kubeba sahani, kama mtu anayemtupia mfanyakazi, na hajampa bado hata kitambaa. Gaston alisema pole pole kwamba labda wangeenda kula kwingine tangu mwanzo.

"Madame," Zéphirin akaita, "munauzaka kuku ya muzima?"

Madame Suzanne anafuga kuku nyuma ya jiko, ndani ya wavu, kwa ajili ya wateja wanaoagiza mapema. Bertin alinunua mmoja. Zéphirin alimbeba, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa, akazunguka nyumba mpaka mlango wa nyuma wa jikoni. Bertin alimfuata na kusimama nje, uso kwa ukuta. Ndani Mama Albertine aligeukia upande wa jiko. Kati yao alikuwa mzee na kuku.

Zéphirin alisema maneno yanayosemwa. Alisema mtoto alikosa kwa kutojua, kwamba yeye mzee anamsimamia ingawa si damu yake, na kwamba kuku huyu ni wa kuosha kinywa kilichoita vibaya, na wa kufungua njia, na kitenge kitafuata. Aliyasema vizuri, bila haraka. Kisha akangoja.

Mama Albertine alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akampapasa kuku.

"Ni ile ya mukia mufupi?"

"Ndiyo, mama."

"Minye njo naipatiaka mahindi kila asubuhi. Inadonaka." Akaonyesha kidole kilichodonolewa. "Hamukuona ingine?"

Papa Kabongo aligeukia sufuria zake, mabega yakimtikisika.

"Tubadilishe, mama?" Zéphirin akauliza kwa heshima zote.

"Hapana. Ilete."

Akamchukua. Huko nje Bertin aliachia pumzi, tukaisikia wote.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Mama Albertine alimweka kuku chini ya kreti, akanawa uso kwenye maji yangu safi, akafunga tena kamba ya aproni, mara mbili, mbele. Akatoka salle, akachukua birika na beseni kutoka meza ya pili. Wanaume walikuwa wamerudi kuketi, mikono yao ina mafuta na bukari imekaukia vidoleni, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekumbuka kuwaletea maji ya kumalizia.

Alianza na Zéphirin. Alimmiminia taratibu, akamngoja, akampa kitambaa. Kisha wale wawili. Kisha Gaston, ambaye alisema "Aksanti, mama" kwa sauti ya mtoto wa shule. Bertin alikuwa wa mwisho. Alinyoosha mikono na kutazama meza. Mama Albertine alitazama mikono. Alimiminia mpaka mikono ikatakata, akaongeza kidogo.

"Yambo, mwana," akasema.

"Yambo, mama."

Basi. Akarudi jikoni.

Bertin alilipa chakula na kuku. Alipofika chini kabisa ya hesabu, Zéphirin alifunika mahali pale kwa kiganja.

"Ile ni yangu. Mayi nilinawishiwa."

"Na samaki yangu?" Gaston akauliza.

"Samaki yako ulikula mpaka miba. Nyamaza."

Madame Suzanne alipokea pesa, akaitia kwenye kopo la maziwa. Meza ilikuwa imelipwa yote, kwa hiyo hapakuwa na mara ya pili. Jioni alifuta kwa kitambaa kibichi maneno fulani mlangoni mwa jiko, yale ya kukataza mambo ya famille. Yalikuwa ya chaki, yalitoka mara moja.

Mama Albertine aliondoka na kuku kwapani. Jumamosi tulipogawana, alichukua sehemu yake kama sisi wengine. Nilimwuliza kama haimsumbui. Alisema, "Ile ni ya mzee. Ya bukwe iko nyumbani, inadona watoto ya majirani."

Kitenge kilikuja baada ya wiki chache, cha rangi ya udongo na maua meupe. Siku hizi Bertin anakuja mgahawani na Hadassa baadhi ya Jumapili, na mama anawahudumia mwenyewe, maji kwanza. Usoni bado hamtazami sana. Anajua viatu vyake vyote.

Carine akiacha meza yake ingoje bila maji, Papa Adolphe anachungulia kutoka getini na kuuliza kwa sauti, wateja wote wasikie, "Pale nani iko na bukwe?" Na Mama Albertine, popote alipo, anachukua birika.